Sikia Kwanza, Ndipo Uhukumu
Somo la mwezi huu kwa wazazi, vijana na wanakwaya

Katika mitaa yetu mingi huzuka maswali juu ya muziki. Kijana ataka kupiga gita, je, akatazwe? Wanakwaya wataka kuleta ngoma kanisani, je, wakubaliwe? Mwalimu afundisha watoto wa shule kupiga matarumbeta; je, hiyo ni kazi, au ni kupoteza wakati wa masomo? Mara nyingi twayajibu maswali haya upesi, kila mtu kwa kadiri alivyozoea, na baadaye twabaki na uchungu nyumbani na kanisani.

Mwezi huu tumeonelea vema tusijibu upesi. Na tuyatazame kwanza maisha ya mtu mmoja aliyeyapitia maswali hayo yote. Jina lake ni William Christopher Handy, Mmarekani Mweusi, mpigaji wa tarumbeta, aliyekuwa pia mwalimu wa bendi chuoni. Katika maisha yake tutaona hukumu tatu: ya baba yake, ya mkuu wa chuo, na yake mwenyewe. Zote tatu zilitolewa na watu wema, na zote tatu zilibadilika baada ya watu hao kusikia.

1. Hukumu ya baba

Handy alizaliwa tarehe 16 Novemba 1873 katika mji wa Florence, jimbo la Alabama, kusini ya Marekani. Ilikuwa miaka 8 tu tangu utumwa ukomeshwe katika nchi ile. Babu yake alikuwa mchungaji, na baba yake pia alikuwa mchungaji, katika kanisa la Weusi liitwalo African Methodist Episcopal. Ilikuwa nyumba ya sala, ya kazi na ya adabu.

Mtoto huyu alipenda sauti. Alisikiliza ndege, na mto, na watu wakifanya kazi. Akaliona gita dukani, akalitamani. Basi akafanya kazi ndogondogo, akachuma matunda ya porini na kuyauza, akaweka senti kwa senti mpaka akalinunua. Alipolileta nyumbani kwa furaha, baba yake alishtuka. Kwake yeye gita lilikuwa chombo cha shetani. Akamwamuru alirudishe dukani, achukue kitu cha maana badala yake, na kitu hicho kilikuwa kamusi kubwa. Hata hivyo mzee huyo hakuwa mtu wa kuchukia muziki wote, kwa maana alikubali mwanawe afundishwe kinanda, chombo cha kanisani.

Shuleni nako mambo yalikuwa vivyo hivyo. Mwalimu wake aliwafundisha watoto kuimba kwa do, re, mi, kama wanakwaya wetu wanavyojifunza hata leo, wala hapakuwa na chombo cha kuwasaidia. Handy alijifunza kuusoma wimbo kwa sauti yoyote utakaoanzia. Lakini siku mwalimu alipowauliza watoto wangependa kuwa nani watakapokuwa wakubwa, naye akajibu kuwa ataka kuwa mwanamuziki, mwalimu huyo huyo alimkemea na kumpelekea baba habari. Baba akasema ni afadhali amfuate mwanawe kaburini kuliko kusikia amekuwa mwanamuziki.

Wapenzi wasomaji, tusimcheke mzee huyu. Alikuwa na sababu. Wanamuziki aliowaona walizunguka na kulala popote, na wengi walikuwa walevi. Yeye alitoka katika kizazi kilichokuwa karibu mno na utumwa, akataka mwanawe asimame imara, awe mchungaji kama baba na babu yake. Hofu yake ilikuwa hofu ya upendo. Kosa lake lilikuwa moja tu: alikihukumu chombo kabla ya kumsikia mpigaji.

2. Vidole vitatu juu ya dawati

Kisha mwanamuziki mmoja aliyekwama pale mjini aliwafundisha wanaume wa Florence kupiga matarumbeta. Walikutana katika duka la kinyozi. Handy, kijana bado, alichungulia dirishani, akaziona alama zilizoandikwa ubaoni, akazishika kichwani. Siku ya pili shuleni alizifanyia mazoezi kwa vidole juu ya dawati lake.

Pengine msomaji atauliza, mtu awezaje kujifunza tarumbeta juu ya dawati? Tueleze kidogo. Tarumbeta aliyoipenda Handy yaitwa koneti, nayo ni fupi kidogo kuliko tarumbeta ya kawaida. Sauti yake haitoki katika shaba, bali katika midomo ya mpigaji. Mpigaji hukaza midomo na kupuliza hata itetemeke, na bomba la shaba huikuza sauti hiyo. Kwa midomo peke yake, bila kubonyeza kitu, hupatikana sauti chache tu, kama zile za baragumu ya askari. Ili kupata sauti zilizosalia, koneti ina vitufe vitatu. Kila kitufe kikibonyezwa hufungua kipande cha bomba cha ziada, pumzi husafiri njia ndefu zaidi, na sauti hushuka. Kitufe cha katikati huishusha nusu hatua, cha kwanza hatua moja, na cha tatu hatua moja na nusu. Vikitumiwa pamoja, nyimbo zote huwezekana.

Basi kazi ya vidole yaweza kufundishwa hata juu ya dawati, ila kazi ya midomo haifundishiki hivyo. Midomo hutaka mazoezi ya kila siku, taratibu, bila kuchoka. Ndiyo maana mwalimu mwema wa bendi haanzi na nyimbo. Huanza na pumzi, na kusimama wima, na kushika sauti moja ndefu bila kutikisika. Mtoto asiye na saburi hutaka kurukia wimbo, kisha midomo yake huchoka na sauti hupasuka. Tarumbeta yafundisha adabu kabla ya kufundisha muziki.

Handy alijinunulia koneti kuukuu kwa bei ndogo, akapiga kwa siri.

3. Njia ngumu

Mwaka 1892 alikwenda Birmingham, mji wa viwanda katika Alabama, akafaulu mtihani wa ualimu. Lakini mshahara wa mwalimu ulikuwa mdogo mno, akaenda kufanya kazi katika kiwanda cha mabomba huko Bessemer. Kazi ilipoharibika akafunga safari pamoja na waimbaji wenzake, wakitumaini kuimba katika maonyesho makubwa ya Chicago. Walipofika, waliambiwa maonyesho yameahirishwa mpaka 1893. Kundi likavunjika. Handy akafika St. Louis bila senti, akalala juu ya mawe kando ya mto Mississippi pamoja na watu wengine wasio na kazi. Hapo twaona kwamba hofu ya baba yake haikuwa ya bure.

Lakini angalia alivyofanya baadaye. Alipofika Henderson, katika jimbo la Kentucky, palikuwa na chama cha waimbaji wa Kijerumani kilichoongozwa na mwalimu hodari. Handy hakuweza kuingia kama mwanafunzi. Basi akaomba kazi ya kufagia ukumbi wao, na alipokuwa akifagia, alisikiliza jinsi mwalimu alivyowaongoza waimbaji. Vijana wetu na walitafakari jambo hili. Mlango wa mbele ulipokuwa umefungwa, yeye aliingia kwa mlango wa ufagio, akatoka na elimu.

Mwaka 1896 aliitwa na kundi moja la maonyesho la Weusi, Mahara's Minstrels, kwa mshahara wa dola 6 kwa juma. Kundi hili lilisafiri katika majimbo mengi, na mwaka 1900 lilifika hata Kuba. Handy alipiga koneti, kisha akawa kiongozi wa bendi.

Siku moja kundi hilo lilifika Huntsville, Alabama, na kati ya watazamaji alikuwapo baba yake. Mzee hakuwa ameingia mahali pa maonyesho tangu alipoongoka. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akamwendea mwanawe, akamwambia kwamba amefurahi, kwamba anajivunia mwana wake, na kwamba amemsamehe kuwa mwanamuziki. Hukumu ya kwanza ikaondolewa. Haikuondolewa kwa mabishano wala kwa barua, bali mzee alikuja na kusikia.

4. Hukumu ya mkuu wa chuo

Mwaka huo huo wa 1900 Handy aliitwa kufundisha katika chuo cha Weusi huko Normal, karibu na Huntsville. Chuo hicho sasa ni Chuo Kikuu cha Alabama A&M. Mkuu wake, William Hooper Councill, ndiye aliyekiasisi, naye mwenyewe alizaliwa mtumwa. Handy akawa mwalimu wa bendi na wa uimbaji kwa dola 40 kwa mwezi.

Kazi ya mwalimu wa bendi katika chuo kama hicho haikuwa nyepesi. Wanafunzi wengi walitoka mashambani, na wengine hawakuwahi kushika chombo. Mwalimu alipaswa kumtazama kila mmoja, midomo yake na meno yake, na nguvu ya mapafu yake, ndipo aamue huyu apewe koneti, huyu tromboni, huyu ngoma. Tena alipaswa kuandika upya nyimbo ili kila mmoja apate sehemu anayoiweza. Bendi hufanana na mwili wenye viungo vingi. Mpigaji wa koneti husikika sana, lakini asipokuwapo wa sauti nzito chini yake, wimbo wote hukosa msingi.

Tatizo likazuka juu ya nyimbo zenyewe. Chuoni watu walisifu muziki wa Ulaya, na muziki wa Wamarekani Weusi wenyewe waliuona kuwa duni. Hapa pia tusiwe wepesi wa kulaumu. Mkuu Councill alitaka kuuonyesha ulimwengu kwamba wana wa watumwa waweza kujifunza kila kitu ambacho watu wengine wamejifunza. Ilikuwa nia njema. Lakini nia njema hiyo ilimfundisha mwanafunzi jambo jingine kimya kimya, kwamba kilichotoka kwao si kitu.

Handy akafanya jambo la ujanja. Alichukua wimbo mmoja wa mtindo wa Weusi uliokuwa ukipendwa siku zile, uitwao ragtime, wenye mapigo ya kurukaruka. Akautengeneza kwa ajili ya bendi ya chuo. Ila katika karatasi ya ratiba hakuandika jina lake. Aliandika jina jipya la heshima, lenye maana ya “Maendeleo Makubwa Zaidi”. Bendi ikapiga, na wasikilizaji, pamoja na mkuu mwenyewe, wakaufurahia sana. Kama wangalisoma jina la kwanza, wangaliukataa kabla haujaanza.

Hatusemi kwamba twamsifu mwalimu kwa kuficha jina. Lakini twajifunza hapa kwamba mara nyingi hatuukatai wimbo, bali jina lake, na mahali ulikotoka, na watu tunaodhani kuwa ndio wenye kuupenda.

Baada ya miaka miwili, mwaka 1902, Handy aliuacha ualimu wa chuo. Mshahara ulikuwa mdogo kwa mtu mwenye jamaa, na moyo wake haukutulia kufundisha muziki wa wengine tu. Akarudi kwa muda katika kundi lake la zamani.

5. Hukumu ya mwalimu mwenyewe

Sasa twafika mahali muhimu kuliko pote katika somo letu. Mwalimu aliyewashinda wengine kwa ujanja alikuwa bado hajajishinda mwenyewe.

Mwaka 1903 Handy alikwenda Clarksdale, jimbo la Mississippi, kuiongoza bendi ya Weusi ya chama kimoja cha kusaidiana. Wapigaji wake walisoma nota na kuvaa sare. Usiku mmoja alikuwa akingoja treni iliyochelewa katika stesheni ya Tutwiler, akasinzia. Akaamshwa na sauti ya gita. Kando yake alikaa mtu Mweusi mwembamba, mwenye nguo zilizochakaa, akibana nyuzi za gita kwa kisu, akiimba juu ya mahali ambapo njia mbili za reli zinakutana. Aliurudia mstari ule ule mara tatu. Handy aliona ni muziki wa ajabu kuliko wote aliopata kusikia. Lakini hakuufanyia kazi wakati ule.

Baadaye bendi yake ilialikwa kupiga katika dansi huko Cleveland, mji mdogo wa jimbo lile lile. Watu wakaomba wapigiwe muziki wa kwao wenyewe. Bendi ya Handy haikuweza kuwaridhisha. Ndipo ikaulizwa kama ingekuwa vibaya vijana wa pale mjini wakipiga kidogo. Wakaja watatu, na vyombo vyao vilikuwa vimechakaa. Walipiga wimbo mmoja unaozunguka bila mwisho dhahiri, na wenye sare wakauona si kitu. Lakini watu walianza kuwatupia fedha, mpaka miguuni pao pakajaa pesa nyingi kuliko bendi nzima ya Handy iliyolipwa kwa kazi ya usiku ule. Waswahili husema, mcheza kwao hutunzwa. Handy aliona kwa macho yake kwamba wasiosoma nota walikuwa na kitu ambacho yeye, mwalimu, hakuwa nacho. Hukumu ya tatu ikaanguka.

Tangu siku hizo mwalimu akawa mwanafunzi wa watu wa kijijini. Akauandika muziki wao kwa nota, ule uitwao bluzi. Wanakwaya wanaojua do, re, mi wataelewa siri yake. Mwimbaji wa bluzi huishusha mi kidogo, na ti pia, hata sauti hizo zisiwe za furaha kabisa wala za huzuni kabisa. Maneno yake mara nyingi huenda kwa mistari mitatu: wa kwanza waeleza shida, wa pili wairudia, wa tatu wajibu. Baada ya kila mstari chombo hujibu, kama wimbo wetu wa kuitikiana shambani au katika harusi, mmoja akiimba na wengine wakipokea. Jambo hilo la kuitikiana wazee wao walilichukua Afrika wakalivusha bahari, wala utumwa haukuweza kuwanyang'anya.

Mwaka 1909 Handy alikuwa amehamia Memphis, na mwaka 1912 wimbo wake uitwao “Memphis Blues” ukapigwa chapa. Aliuuza kwa dola 50, na faida iliyofuata ikawa ya wengine. Akajifunza kwa uchungu. Wimbo wa “St. Louis Blues” wa mwaka 1914, ulioyakumbuka maisha yake magumu katika mji ule, aliutoa kwa kampuni aliyoianzisha pamoja na mwenzake, Harry Pace. Mwaka 1925 mwimbaji Bessie Smith aliuimba katika sahani ya santuri, na Louis Armstrong akamjibu kwa koneti. Mwaka 1928 Handy aliongoza tamasha la muziki wa Weusi katika Carnegie Hall, ukumbi wenye heshima kubwa katika New York. Tena alikusanya na kuandika nyimbo za kiroho ambazo wazee wake waliziimba utumwani, zisipotee. Macho yake yalimsumbua kwa miaka mingi, na alipoanguka katika stesheni ya treni mwaka 1943 akawa kipofu kabisa. Akaendelea na muziki. Alifariki tarehe 28 Machi 1958, akiwa na umri wa miaka 84.

6. Sisi je?

Hatusemi kwamba kila wimbo wafaa kuimbwa katika ibada. Maneno ya wimbo hayana budi kupimwa, na nia ya mwimbaji pia. Wala hatuwaambii vijana kwamba njia ya muziki ni rahisi, maana tumeona mawe ya kando ya mto. Twasema neno moja tu: kupima kuje baada ya kusikia, si kabla.

Nabii Samweli mwenyewe, alipokwenda nyumbani kwa Yese, alianza kwa kutazama urefu na sura, na Bwana akamsahihisha. Aliyechaguliwa alikuwa yule mdogo aliyeachwa malishoni na kondoo, naye pia alikuwa mpiga kinubi. Tena Zaburi ya mwisho, inapovihesabu vyombo vya kumsifu Mungu, haichagui vya wakubwa tu. Baragumu limo, na matari yamo, na vyombo vya nyuzi vimo.

Mzazi mwenye mtoto aliyepata filimbi au gita, kabla ya kumkemea, na amwambie, “Mwanangu, hebu piga nisikie.” Wazee wa kanisa wanaoletewa wimbo mpya, kabla ya kusema huo ni wa kienyeji au ni wa kidunia, na waketi mpaka ubeti wa mwisho. Na ninyi walimu wa kwaya na wa bendi, mnaofanya kazi jioni baada ya masomo, mara nyingi bila malipo, jueni kwamba kazi yenu ni kazi kweli. Ila msiwadharau mabibi na mababu wasiojua nota. Huenda katika nyumba zao kuna wimbo unaongoja mtu wa kuuandika.

Maswali ya kuzungumza katika vikundi

1. Baba yake Handy aliogopa nini? Katika hofu yake, lipi lilikuwa kweli, na lipi halikuwa kweli?
2. Kwa nini wasikilizaji chuoni waliufurahia wimbo baada ya jina lake kubadilishwa? Je, kuna nyimbo au vyombo katika mtaa wetu tunavyovikataa kwa sababu ya jina tu?
3. Handy alifagia ukumbi ili ajifunze. Kijana wa leo asiye na ada aweza kutafuta elimu kwa njia zipi?
4. Ni nani katika mtaa wetu ajuaye nyimbo za zamani ambazo hazijaandikwa? Chagueni wawili katika kikundi wamtembelee kabla ya mwezi kwisha, wasikilize na kuandika.